Msipige laminesheni mabango ya sinema

Ndugu Mhariri,

Tangu mlipochapa habari ya vile viatu vyekundu vya sinema vilivyopigwa mnada Marekani, mlango wangu hapa Chang'ombe haujapumzika. Wa kwanza alibisha saa moja asubuhi, uji bado uko jikoni, amekumbatia kiroba. "Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa unanunua vitu vya sinema." Marahaba, nikamwambia, ila aliyekuelekeza kakupoteza. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nakusanya, ndiyo. Nina masanduku mawili ya bati na kabati moja vimejaa mabango, tiketi, picha za vioo na karatasi za michezo ya jukwaani. Vingi niliachiwa na marehemu baba, vingine niliokota, vingine nilipewa na watu waliokuwa wanahama nyumba. Kununua siwezi.

Mpaka juzi nimeshawahesabu kumi na tisa. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako niseme nao wote kwa pamoja, maana sauti imeanza kukauka, na kwa kweli nusu ya lawama ni yenu.

Habari yenyewe mliiandika vizuri, ila mliikata pale pale utamu ulipoanzia. Mlisema viatu viliuzwa dola milioni 28 Desemba 2024, na ukiongeza ada za mnada vikafika milioni 32 na nusu. Kweli. Mlisema alivivaa Judy Garland katika The Wizard of Oz ya 1939. Kweli pia. Ambalo hamkusema ni kwamba jozi ile iliwahi kuibwa. Mwaka 2005 mwizi alivunja jumba la makumbusho mjini Grand Rapids, jimbo la Minnesota, akaondoka nayo, na wapelelezi wa FBI hawakuipata mpaka 2018. Kwa maelezo ya wakili wake, mzee wa watu alidhani vile vinavyong'aa ni vito vya kweli, akili yake ikamtuma avibandue auze kimoja kimoja. Alipoambiwa na mnunuzi wa vitu vya wizi kwamba ni vioo tu, akavitoa mkononi haraka. Mwizi aliangalia kioo. Waliokuja kununua waliangalia mguu uliovivaa, picha iliyochezwa, na ushahidi kwamba ndivyo vyenyewe. Bila ushahidi huo, ni viatu vya mtumba vya mwanamke mwenye mguu mdogo.

Sasa wageni wangu kumi na tisa, karibu wote wamekuja wakiangalia kioo.

Yule wa kiroba alinitolea bango la picha la Kimarekani la zamani, lenye farasi. Aliliuziwa sokoni Sabasaba kwa elfu themanini, kaambiwa ni orijino, atafute Mzungu. Nikalitandika mezani. Kwa macho ni zee kweli: lina mistari ya mkunjo, mitatu hivi na mmoja hivi, na mikunjo imechubuka rangi kama kitambulisho kilichokaa mfukoni. Nikamwambia apitishe kidole juu ya mkunjo. Akapitisha. Nikamuuliza amehisi nini. "Hamna kitu." Ndiyo hivyo, hamna kitu, kwa sababu mkunjo ule umechapwa. Aliyetengeneza alipiga picha bango la kweli lililokunjwa, mikunjo yake na yote, akalichapa upya kwenye karatasi mpya ya kung'aa ambayo haijakunjwa hata siku moja. Nikachukua futi ya cherehani nikampimia. Bango la kawaida la Kimarekani la enzi zile lilikuwa na upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 41, na lilisafirishwa likiwa limekunjwa. Lake halikufika hata inchi 36. Kijana aliketi kwenye kigoda muda mrefu bila kusema. Nilimpa uji, nikamwambia alibandike chumbani kwake, ni zuri, amwangalie tu yule farasi.

Naelewa kwa nini walidhani mimi ni mnunuzi. Baba yangu alikuwa opereta katika ukumbi wa sinema hapa mjini, upande wa Uhindini. Wenyeji wa zamani wanaujua, sina haja ya kuutaja. Mikanda ilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam ndani ya maboksi ya bati, na alikuwa akienda stesheni na baiskeli kuipokea. Picha moja ilikuwa mikanda mitano, sita, ya Kihindi hata zaidi, kila mmoja kama dakika ishirini. Chumba cha mashine kilikuwa na mashine mbili na joto la tanuri, kwa sababu mwanga ulitoka kwenye vijiti vya kaboni vinavyowaka vikikaribiana. Kazi yangu ya utotoni, siku aliponiruhusu kupanda, ilikuwa kutazama kona ya juu kulia ya pazia. Mkanda unapokaribia kuisha hutokea kiduara pale, kufumba na kufumbua kimepita. Ndiyo ishara ya kuwasha mashine ya pili. Kikitokea cha pili, unabadilisha. Baba alikuwa anakiona mwenyewe bila msaada wangu, lakini nilikuwa napiga kelele "Baba, tayari!" na yeye anajifanya kushtuka. Mkanda ukikatika, miluzi ya watu wa viti vya mbele ingeweza kusikika hadi sokoni, na matusi ya kumtukana opereta mimi niliyajua kabla sijajua jedwali la kuzidisha.

Mabango yalitakiwa yaondoke na mikanda kwenda mji unaofuata. Hayakuondoka yote. Yaliyochanika, au yaliyokuja mawili mawili, baba aliyageuza akawa anaandikia mahesabu nyuma. Na hapa, Mhariri, ndipo ninapotaka wasomaji wako wasogee karibu.

Ninalo bango moja la picha la Raj Kapoor, stelingi wa Kihindi. Mbele limepauka, nyekundu imekuwa kama chai ya maziwa, na kona ya chini imeliwa na mchwa kwa ajili ya uji wa ngano liliobandikiwa. Mnunuzi wa mnada asingelitazama mara mbili. Ligeuze. Nyuma kwa penseli, kwa mwandiko wa baba ulioegemea kushoto: "Limefika Jtano na treni ya usiku. Mkanda wa 4 umeungwa mara tatu, angalia. Jmosi viti vimeisha, watu wamekaa chini. Mvua. Umeme umekatika 3.40 mpaka 4.15, watu hawakutoka." Basi. Dakika thelathini na tano gizani, mvua juu ya bati, na watu hawakutoka, wanataka kujua kama stelingi atatoka jela. Bango hilo silitoi hata uniletee hivyo viatu vyekundu.

Penseli ile ndiyo inayoniambia picha lilichezwa hapa, lilipokelewa vipi, na mkanda ulikuwa na hali gani baada ya kuzunguka miji mingapi. Upande wa mbele unao kila mtu duniani mwenye bango lile.

Nakiri kosa langu kabla sijanyooshea watu vidole. Miaka ya nyuma nilikuwa na picha moja ya kioo, zile picha za kung'aa walizokuwa wanaziweka kwenye sanduku la kioo nje ya ukumbi, watu wakipita waone vipande vya picha litakalochezwa wiki hiyo. Ilianza kujikunja pembeni. Nikasema niihifadhi kitaalamu. Nikaipeleka kwenye kibanda cha steshenari, nikalipa, kijana akaipitisha kwenye mashine ya laminesheni. Ilitoka na mapovu kama chapati iliyowekwa kwenye kikaango baridi. Ule utando wa picha uliyeyuka ukashikana na nailoni. Nilijaribu kuibandua usiku ule kwa wembe, uso wa mcheza sinema ukabaki kwenye nailoni na mimi nikabaki na karatasi nyeupe. Kijana wa steshenari hana kosa, nilimwomba mwenyewe, tena nikamsisitiza aongeze moto.

Tangu habari yenu itoke, watano kati ya kumi na tisa wameniletea vitu ambavyo tayari vimepigwa laminesheni "ili vipande bei". Mmoja alikuwa na programu ya tamasha la ngoma, karatasi nzuri ya miaka hiyo, imefungwa kwenye plastiki kama kitambulisho cha mpiga kura. Laminesheni haitoki. Gundi yake inaingia kwenye karatasi kwa moto na inabaki humo. Selotepu nayo ni dada yake: baada ya miaka michache inageuka njano, inavuja mafuta, na ukiivuta inaondoka na maandishi. Karatasi ikichanika, iache ilivyochanika. Iweke ilale ndani ya bahasha kubwa ya karatasi, bahasha ndani ya sanduku, sanduku juu ya tofali lisiguse sakafu, na kila baada ya wiki chache ufungue utazame kama mchwa hawajapita. Jua lisiifikie. Ni hivyo tu, haina gharama. Na kwa jambo hili moja Dodoma tumebarikiwa kuliko ndugu zetu wa pwani: hewa yetu ni kavu karibu mwaka mzima. Nina shangazi Tanga ambaye barua zake za uchumba zimeota ukungu wa kijani, wakati tiketi zangu za miaka ya 70 bado zinakatika kwa mlio. Ukame huu unaotunyima mahindi walau unatutunzia karatasi.

Mikanda ni habari nyingine na naomba msomaji asiichezee. Kijana kutoka Mpwapwa aliniletea kopo la bati la duara, kafurahi, kalikuta darini. Tulipofungua kifuniko, chumba kizima kikanuka siki, kama mtu kamwaga kachumbari. Harufu hiyo maana yake plastiki ya mkanda inaoza na kutoa asidi, na asidi hiyo ikifungiwa inauharakisha mkanda wenyewe na kuiambukiza iliyo jirani. Nikamwambia alitenge na vitu vingine, asilibane kifuniko, aliweke mahali pa baridi kuliko pote alipo napo, yaani si darini. Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Mikanda ya kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 mingi ilitengenezwa kwa naitreti, ambayo ikishika moto haizimwi kwa maji kwa sababu inajitengenezea hewa yake ya kuunguza. Tazama ukingo wa mkanda kwa mwanga wa dirishani. Ukisoma neno SAFETY kwa herufi ndogo, ni dalili njema. Usipoliona, toa kopo nje ya nyumba unayolala, mbali na jiko, ndipo uulize.

Nirudi kwenye karatasi, maana ndizo zinazoniuma. Mwaka juzi ofisi moja hapa mjini ilikuwa inahama jengo. Nilipita kwa miguu nikitoka benki nikaona moshi uani. Mlinzi ananijua, nilimfundisha la tatu. Kwenye shimo kulikuwa na mafaili, lakini pembeni, bado halijatupwa, lilikuwa boksi la karatasi za stensili: orodha za vikundi vya maigizo na ngonjera vilivyoshindana miaka ya mwanzo ya 80, majina ya shule, majina ya watoto, nani alicheza nini. Niliomba. Nikaambiwa ni mali ya ofisi haiwezi kutoka bila kibali. Nikauliza basi kibali cha kuichoma kilitolewa na nani. Aliyenijibu aliniambia, kwa heshima kabisa, "Mama, hizo ni takataka." Siwezi kumnyang'anya mtu mali ya ofisi, lakini takataka zenye kibali sijapata kuziona. Niliondoka na karatasi nne ambazo upepo, kwa rehema za Mungu, ulizileta mpaka barabarani.

Sisi watu wa Dodoma kuchoma karatasi za ngonjera ni aibu ya peke yake. Mathias Mnyampala, aliyeishika ngonjera akaikuza mpaka ikasimama jukwaani, ni mtoto wa huku huku kwetu, kazaliwa 1917, kafariki 1969, wakati ndiyo kwanza utanzu huo unashika moto baada ya Azimio la Arusha. Shule yangu ya kwanza kufundisha haikuwa na hata mpira, ila ngonjera ilikuwa nayo. Nimetunza programu moja ya sherehe ya shule, iliyopigwa stensili na mwalimu mkuu mwenyewe. Jina la mtoto aliyeigiza Mkoloni limekatwa kwa kalamu na kuandikwa jingine juu yake kwa sababu wa kwanza aliamka na surua. Na ninazo ndevu za huyo Mkoloni. Ni za katani, nilizisuka mimi, nikazipaka masizi ya chungu, zikashikizwa kwa uzi wa viatu nyuma ya masikio. Zipo kwenye kopo la Blue Band. Mende wamekula sharubu upande wa kulia. Yule mtoto wa pili sasa ni babu, na nilipomwonyesha alizivaa hapo hapo barazani akaanza kughani beti zake zote bila kukosea, wajukuu wakakimbia.

Mnaopitisha muda Bungeni hapa mnaweza kunisaidia jambo moja. Rashidi Mfaume Kawawa, kabla siasa haijamchukua, alikuwa stelingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alicheza katika Muhogo Mchungu, moja ya picha za kwanza zilizochezwa na Waafrika wa Tanganyika kwa Kiswahili. Mwaka 1962 mtu yule yule ni Waziri Mkuu. Wanafunzi wa chuo wanaonitembelea nikiwaambia hivyo wanadhani natunga. Katika miaka yangu yote ya kupekua sijashika karatasi hata moja ya picha ile. Ikiwa iko kwenye kiroba cha mtu, tafadhali asiikimbizie mnadani kwanza.

Ni wageni wawili tu walioniletea kitu nikasimama. Wa pili simtaji, tunaendelea kubishana. Wa kwanza alikuwa bibi kutoka Mvumi, kaletwa na mjukuu kwa bodaboda. Tuliamkiana mbukwa, salamu yetu ya Kigogo, akatoa kitabu chake cha nyimbo za kanisani, na katikati ya kurasa kulikuwa na nusu ya tiketi ya sinema, ya waridi, safu na namba ya kiti bado zinasomeka. Mjukuu aliuliza bei. Bibi akamwambia anyamaze. Alitaka nimsomee namba tu, macho yameisha. Nikasoma. Akasema ndiyo, tulikaa kulia, babu yako alikuwa anafanya kazi reli, alinileta mjini wiki tuliyofunga ndoa, na picha lilikuwa la Kihindi, na nililia, na aliniambia usilie stelingi hafi, na stelingi akafa. Nikaandika maneno hayo kwenye daftari langu kama alivyoyasema, na tarehe, nikamsomea akaridhika, nikairudisha tiketi kwenye kitabu chake ukurasa ule ule.

Kwa hiyo wasomaji wako wenye viroba, msije na kuuliza bei. Chukueni penseli, si kalamu ya wino, mwandike nyuma kwa wepesi: kilikuwa cha nani, kilitoka nyumba ipi, nani alikuwa nacho kabla yako, mwaka gani. Kama hamjui, kamwulizeni mama yenu leo.

Nami nina shida yangu, Mhariri, ndiyo sababu hasa nimechukua kalamu. Lile sanduku la kioo nje ya ukumbi lilikuwa pahala pa kupigia picha. Maharusi, vijana wenye suruali za bugaluu, wanafunzi waliomaliza la saba, wote walisimama pale. Wengi wenu mnazo picha hizo kwenye albamu. Naomba mzitazame tena, si watu waliosimama mbele, bali nyuma ya mabega yao, kwenye kioo. Picha zilizobandikwa mle ndani ni kazi ya mikono ya baba, na sina hata moja inayoonyesha alivyozipanga. Sihitaji picha yako. Njoo nayo niitazame kwa lenzi, unywe chai, uondoke nayo.

Mwalimu mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma
(Jina na namba ya simu nimekuachia wewe Mhariri. Asubuhi kabla ya saa tatu msije.)